Dole Gumba la Tisa

Meza ya afisa usalama ilikuwa ikitetemeka. Ghorofa ya chini, mashine ya kukata mabati ilikuwa imesharudishwa kazini, siku ya nne tu tangu imuue mtu, na kila kisu kiliposhuka mjane wa mtu huyo alijikuta amebana pumzi. Mbele yake walimwekea vitu vya marehemu: kikombe, ndala, na glavu ya mkono wa kulia. Dole gumba la glavu lilisimama wima. Mjane ndiye aliyelijaza kwa vipande vya gauni lake kuukuu, lisije likalegea tupu likanaswa na mashine.

"Shemeji, pole sana," afisa alisema. "Tisa alikuwa mtu wetu."

Jina hilo alipewa humu humu kiwandani mwaka wake wa kwanza, mashine hiyo hiyo ilipomla kidole, na mwenyewe alilicheka mpaka likamganda. Kinga ya kisu ilikuwa imefunguliwa, eti inachelewesha kazi. Hata baada ya hapo hawakuirudisha.

Afisa akasoma karatasi: marehemu alifundishwa matumizi ya kinga mwaka jana, akaelewa, akakubali. Kwa hiyo ajali ni uzembe wake.

"Aliweka na dole gumba. La kulia. Hili hapa."

Mjane aliinama akaangalia. Alama ilikuwa nzima, ya bluu, haina kovu. Siku ya mazishi hakulia. Hata sasa hakulia; alimwinulia afisa macho.

"Shemeji, mlimwita Tisa kwa nini?"

Afisa akachukua kalamu, akakata neno "kulia", juu yake akaandika "kushoto", akapuliza wino ukauke.

"Karani alikosea. Si unajua, ni binadamu."

"Hakufundishwa. Na hiyo kinga haikuwepo. Sitaki wanangu wakue wakisikia baba yao alikuwa mzembe."

"Mama," alisema afisa. Ushemeji ulikuwa umekwisha. "Weka dole hapa, kwamba umeelezwa, uchukue vitu vyako uende."

Akamsogezea pedi ya wino. Mjane aliingiza mikono yake yote miwili chini ya meza.

"Dole gani?" aliuliza.

"Lolote," afisa alisema. Chini kisu kilishuka tena, meza ikatetemeka, na dole la glavu likatikisika huku na huku, kama la mtu anayekataa.