Usingizi wa Darasa la Saba

Mwaka wa 1996, Mwalimu Mkuu Kipyegon alitangaza kwamba darasa la saba lingeanza masomo ya ziada saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Shule ilikuwa nje kidogo ya Ndanai, na wanafunzi walimsikiliza huku wengine wakipiga miayo.

Mellen Bosibori, mwalimu wao wa hesabu, hakubishana naye. Alimwomba asubiri wiki moja tu. Kisha akawaambia wanafunzi wake arobaini waandike kila siku saa waliyolala na saa waliyoamka.

Siku ya kwanza mwanafunzi mmoja, Ogoti, alisema amelala masaa kumi na manne.

"Lini?" Mellen akauliza.

"Jumapili, Mwalimu. Tulitoka harusi."

Darasa likacheka. Wakajadiliana, wakakubaliana kuhesabu Jumatatu hadi Alhamisi pekee, maana harusi haziji kila wiki.

Ijumaa walijumlisha, wakagawanya, wakapata wastani wa masaa manane. Mwalimu Mkuu alipoingia na kuona ile nane ubaoni, aliridhika.

"Manane yanatosha," alisema. "Tutaanza Jumatatu."

Chepkemboi, msichana mpole aliyetoka ng'ambo ya mto, aliinua mkono.

"Mwalimu, mimi nimetafuta mtu aliyelala masaa manane. Sijampata."

Mellen alimpa chaki. "Tuonyeshe."

Chepkemboi alichora mistari, mmoja kwa kila mwanafunzi, urefu wake kulingana na masaa aliyolala. Waliokaa karibu na shule walikuwa ishirini, na mistari yao ilifika tisa au kumi. Wa ng'ambo ya mto nao walikuwa ishirini, na yao iliishia sita au saba. Katikati, penye nane, hakuna mstari hata mmoja ulioishia.

Mwalimu Mkuu alisogea karibu na ubao. "Wewe unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi, sir. Nakamua ng'ombe wawili, napeleka maziwa barabarani, halafu natembea kuja shule."

"Na nikiwaita saa kumi na mbili kasoro robo?"

Chepkemboi alifikiri. "Labda ng'ombe nao waitwe mapema."

Kipyegon alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka hadi akavua miwani. Ogoti akapata ujasiri, akamuuliza yeye hulala masaa mangapi. Mzee huyo, aliyekaa nyumba ya shule, alichukua chaki akachora mstari wake mwenyewe. Ulifika tisa.

"Basi nimekuwa nikiwapimia kwa usingizi wangu," alisema.

Masomo ya ziada yalihamishiwa baada ya chakula cha mchana. Chepkemboi aliomba ule ubao usifutwe hadi Jumatatu, na wiki iliyofuata akaja na daftari jipya. Alitaka kujua wenzake hutembea dakika ngapi kufika shuleni, na alikuwa ameshaanza kuuliza njiani.