Misiba ya Watu Nisiowajua

Kama yupo mtu mwingine aliyewahi kukipa pole kiwanda cha biskuti, ajitokeze tukae pamoja. Mimi nilikiandikia kwa Kiswahili safi, nikakiombea subira kwa Mungu, nikaweka anwani ya gesti yetu chini, kisha nikarudi nyumbani kuchambua mchicha nikijiona nimeshafanya kazi ya maendeleo.

Nieleze mwenyewe, maana watu wa Barabara ya Nane wanaieleza vibaya.

Miaka ile biashara zilipofunguliwa, Dodoma kila mwenye ukuta aliutoboa dirisha akauza kitu. Leo vocha, kesho mitumba, keshokutwa vyote viwili na soda juu yake. Gesti nazo zikaota. Mama mdogo wangu, Stara, alikuwa na yake, Gesti ya Utulivu, aliyokuwa akiiendesha na marehemu mumewe, baba mdogo Rahimu. Bunge likikaa, tulilaza watu mpaka kwenye korido. Bunge likifungwa, tulibaki mimi, yeye na paka wa jirani. Tena Mama Stara hapangishi chumba kwa saa. Mwanamume akija na binti bila mzigo, Mama humwuliza kwa upole, "Begi liko wapi, baba?" Wanageuka. Biashara iliyokuwa inalisha gesti za wenzetu, sisi tuliifukuza mlangoni na salamu juu.

Nyumba yenyewe haikuwa yake peke yake. Ilijengwa na baba mkwe wake, na sauti kubwa ilikuwa ya shemeji yake, mzee Mrisho, mnunuzi wa alizeti. Siku moja mzee Mrisho alikuja akakaa sebuleni, akaupiga ukuta kwa kiganja kama anayechagua ng'ombe mnadani.

"Shemeji, ukuta mzuri huu. Mkavu. Alizeti haishiki ukungu hapa."

"Hii ni gesti, shemeji."

"Gesti ina wageni. Mimi hapa naona vitanda." Akanywa chai yake yote ndipo akaendelea. "Mavuno yakianza kuingia, kama vitanda bado vitupu, tutoe vitanda tuingize magunia. Wewe utakuja kwangu. Kile chumba cha uani kipo, utakaa na wenzako."

Wenzake ni wake wawili wa mzee Mrisho, ambao hata kati yao wawili hapatoshi. Mama Stara aliinamia kazi yake. Alikuwa anakunja shuka; lilipokwisha akalikunjua, akalikunja tena. Mimi si msemaji, ila huwa natazama, na pale niliona kwamba akitolewa nyumba ile hatakuwa mjane tena. Atakuwa mtumishi.

Sasa Nasri. Huyu ni kijana mwenye intaneti kafe mtaani kwetu, chakula chake cha mchana anakula kwetu, na kwa shukrani alimtengenezea Mama tovuti ya gesti. Ilikuwa na picha ya geti, picha ya kitanda chenye chandarua, namba ya simu, na twiga.

"Twiga wa wapi huyo, Nasri?" Mama aliuliza.

"Wageni wanapenda, mama."

"Akija mgeni akaniuliza twiga?"

"Mwambie katoka kidogo."

Tovuti ikakaa kama duka lililofunguliwa katikati ya pori. Hakuna simu, hakuna barua pepe. Nikaenda kumwuliza Nasri kulikoni. Akaandika "gesti Dodoma" kwenye mashine ya kutafutia, tukaanza kufungua kurasa, tukafungua, tukafungua, mpaka tukajikuta chini ya hoteli ya Arusha ambayo sidhani kama ina habari kwamba Dodoma ipo.

"Hii mashine, dada Salha, haiangalii uzuri wako," Nasri akasema. "Inaangalia nani anakutaja. Tovuti za watu zikiweka linki ya kuja kwako, yenyewe inasema, ahaa, huyu anajulikana, apande juu. Linki ni kama mtu kumwonyesha mgeni kwako kwa kidole."

"Na usipoonyeshwa?"

"Unakaa hukohuko na twiga wako."

Akanipa kompyuta ya pembeni, ile yenye herufi A ya kugonga kama mlango wa mtu mwenye usingizi. Saa ambazo hakuna wateja, niombe linki. Alinitungia sentensi ya Kiingereza niwe nainakili. Nikawaandikia wenye hoteli, nikawaandikia makampuni ya mbugani. Hakujibu hata mmoja. Na mimi ningekuwa wao nisingejibu. Mtu humjui, hajakusalimia, anaanza na kuomba!

Elimu yangu ni ya darasa la saba, shule ya msingi kule Zuzu, na kompyuta nilikuwa naijua kama ninavyoijua ndege: naiona ikipita. Lakini nilikaa nikatafakari. Hapa kwetu mtu anajulikanaje? Kwa kwenda misibani. Baba Rahimu alipofariki, uwanja ulijaa mpaka wakatoka Wagogo wa Mvumi waliokuwa wakimwuzia karanga, wakakaa nasi jamvini mpaka jioni. Walikuja kwa sababu naye kwao hakukosa. Asiyekwenda kwa watu, na yeye haendewi. Nikajiambia, Salha, kumbe jambo lenyewe rahisi. Nitakwenda misibani.

Misiba mtandaoni imejaa, wala haina matangazo ya redio. Unaona picha ya mtu, mshumaa, na miaka miwili yenye kistari katikati. Chini kabisa kuna kitabu cha wageni, kama kile chetu cha mapokezi, na watu wanaandika. Kina visanduku vitatu. Cha juu kilikuwa kifupi, nikajua ni cha salamu, maana mtu mwenye adabu anaanza na salamu. Nikaandika: "Poleni kwa msiba, Dodoma." Cha pili cha anwani, nikaweka ya tovuti yetu. Cha tatu kikubwa, humo ndimo nilimomwaga maneno. Kwamba sisi wa Gesti ya Utulivu tumepokea habari hizi kwa majonzi, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kwamba Mama Stara naye anawapa pole na angekuja ila nauli.

Nilikwenda Ujerumani, Kanada, Ufilipino. Sikuruka msiba hata mmoja. Yupo bibi mmoja wa nchi yenye theluji, alivaa sweta kama la mwalimu wangu wa darasa la tatu, nilirudi kumtembelea siku ya arobaini. Nikitoka pale kafe uso umenishuka, wateja wananiuliza, "Vipi, kuna msiba?" Najibu, "Ipo mingi."

Tatizo, Kiingereza sikijui, wala hicho Kijerumani. Nilifuata picha na miaka. Nikaona mzee wa masharubu, 1898 mpaka 1998, nikasema maskini, amekula chumvi huyu. Kumbe ni mwenye kiwanda cha biskuti, na kiwanda ndicho kinasherehekea miaka mia. Tena yupo Max. Max niliona wazi kuwa ni mbwa, sikukosea hapo. Ila nilidhani yeye ndiye aliyefiwa. Nikamwandikia ajikaze, watoto wanamtegemea.

Kazi hiyo niliifanya tangu mvua za kwanza mpaka alizeti zikainamisha vichwa mashambani. Simu kimya. Halafu mchana mmoja Nasri akaniita kutoka mezani kwake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona nyoka.

"Dada Salha, mmeanza kuuza majeneza?"

"Astaghfirullah. Nani kasema?"

"Kuna mtu wa Morogoro kaandika anauliza kama mnayo ya mninga."

Tukatazamana. Akaandika "gesti Dodoma": bado tuko chini ya ile hoteli ya Arusha. Akafikiri, akaandika "msiba Dodoma". Tukatokea sisi. Wa kwanza kabisa, juu ya kila mtu, na twiga wetu.

"Hebu nionyeshe unavyoandika," akasema.

Nikamwonyesha msiba mmoja wa Uholanzi. Nilipofika kile kisanduku cha juu akanishika mkono.

"Hapo ni pa jina lako! Jina ndilo linalogeuka linki. Sasa wewe umekwenda dunia nzima, na kila kwa mtu umejiita Poleni kwa Msiba." Akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akalaza kichwa juu ya vitufe mpaka kompyuta ikalia. "Mashine imekuelewa vizuri sana, dada yangu! Umeiambia hii nyumba ni ya matanga, nayo imekubali!"

"Ifutwe basi."

"Nani afute? Urudi kote ulikokwenda uwaambie pole yako umeiondoa?"

Nilitembea kurudi nyumbani polepole. Wanawake wa sokoni walikuwa wananisalimia, nami nilikuwa najiuliza ni mpumbavu wa kiwango gani anayekaa miezi yote hiyo akizika watu wa nje ili kuokoa vitanda vya mama yake mdogo. Nikamweleza Mama Stara yote, na mbwa nikamtaja. Akauliza, "Huyo Max alijibu?"

"Hapana, mama."

"Basi na watu hawatajibu."

Malori ya alizeti yalikuwa yameanza kuingia mjini. Mzee Mrisho akatuma salamu: Jumamosi alasiri anakuja na fundi, vitanda vifunguliwe.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo simu ililia. Nikapokea mimi. Alikuwa mwanamke, yuko Dar es Salaam.

"Hapo ni Utulivu? Mnaopokea watu wa msiba?"

Niliziba simu kwa kiganja. "Mama, kuna mtu anauliza kama tunapokea watu wa msiba."

"Wangapi?"

"Sijui. Nimwambie amekosea?"

"Umwambie amekosea, una wazimu? Waliofiwa hawaibi mashuka wala hawaombi chumba cha saa. Zungumza naye!"

Aliitwa Devota, karani wa ofisi. Mhasibu wao, Elisha, alikuwa amefariki ghafla, na walikuwa wanamleta kwao Mvumi kumzika, basi zima la wafanyakazi. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta pa kulala. Akaandika kwenye kompyuta maneno mawili, akatuona.

"Poleni sana," nikamwambia. Maneno hayohayo. Ila safari hii mwenye msiba nilikuwa namsikia anavyopumua. Nikamwuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

"Alikuwa anaimba kwenye ngazi," Devota akasema. "Tulikuwa tunamwambia anyamaze."

Walifika Ijumaa jioni. Vyumba vikajaa, sebule ikajaa, tukatandika na korido. Jumamosi asubuhi wakaenda Mvumi kuzika, Mama Stara naye akapanda basi lao, maana hawezi kulaza watu wenye msiba asifike kaburini. Waliporudi tulitandika majamvi uani, akina mama wakajifunga khanga, chungu cha wali kikabandikwa.

Hapo ndipo mzee Mrisho alipoingia na fundi wake, fundi ameshika spana.

Mzee akasimama. Akaona majamvi, akaona watu wameinamisha vichwa. Akavua viatu palepale. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, akaketi kando ya mzee mmoja wa ofisini, akampa mkono. Fundi akaificha spana ndani ya shati, naye akakaa.

"Ni nani?" mzee Mrisho akamnong'oneza jirani yake.

"Elisha."

"Elisha!" Akatikisa kichwa kwa uchungu. "Alikuwa mtu mwema sana."

"Ulimfahamu, mzee?"

"Nani asiyemfahamu Elisha?" Akatia mkono mfukoni akatoa rambirambi. Mimi nilikuwa nagawa maji. Nililazimika kwenda kucheka nyuma ya choo.

Niliporudi alikuwa amemvuta Mama Stara kando, karibu na mlango wa sebule.

"Shemeji, hawa ni akina nani?"

"Wageni wangu."

"Wageni wa kulala?"

"Vyumba vyote. Na sebule. Na siku ya arobaini wanarudi, wameshaniambia niwawekee."

"Mbona hukunieleza? Nimetoa rambirambi!"

"Mungu atakulipa."

Mzee akafuta jasho. "Haya. Mambo ya vitanda hayazungumzwi penye msiba. Msimu huu alizeti nitaipeleka kwingine."

"Na msimu ujao?"

"Tutaona."

Siku zote Mama Stara akizungumza na mzee Mrisho hutazama sakafu. Siku ile alimtazama usoni, na alipofungua mdomo hakunong'ona.

"Hapana, shemeji. Liseme hapa mbele ya watu hawa. Wameniuliza wewe ni nani kwangu, sijui niwajibu nini."

Majamvini vichwa vikainuka. Mtu anaweza kumdhulumu mjane sebuleni kwake, akanywa na chai. Lakini mbele ya watu waliotoka kuzika, ambao umekaa nao ukawapa mkono ukasema unamfahamu marehemu wao, hapo neno lako linatembea mpaka Dar es Salaam. Mzee Mrisho alilijua hilo kuliko mimi. Akakohoa.

"Mimi ni shemeji yake," akawaambia. "Nyumba hii aliiendesha na ndugu yangu, na ataendelea kuiendesha. Mimi simtoi. Mmesikia?"

"Tumesikia, mzee," Devota akasema.

"Haya. Wali umeiva?"

Akala, akanawa, akaaga kila mtu kwa mkono. Mimi niliyetaka watalii wa kupiga picha, nilisimama na beseni nikiwatazama wageni wangu wenye macho mekundu, na sikuthubutu kujisifu hata kidogo. Fundi peke yake alibaki amesimama uani, hajui aende au akae, na shati limemtokeza pembe tumboni.

"Mama," akamwambia Stara, "nimetoka mbali. Nirudi hivihivi?"

Mama Stara akamtazama, akamwonyesha korido.

"Nenda kakaze kitanda cha chumba cha mwisho," akasema. "Usiku kilikuwa kinalia kuliko wafiwa."