Ukuta Umejibu

Mwalimu mpya wa Kiingereza alipoingia darasa la ngumbaru pale Kanduyi, mwaka ule wa 2004, Mama Agneta alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwalimu mwenyewe alikuwa Makokha! Makokha yule yule, mume wa Emmy bintiye, aliyekuwa akifundisha Kitale na kuishi Kibomet. Habari za uhamisho alikuwa amezisikia, lakini nani angejua kwamba jioni atapewa na darasa la watu wazima?

Na mambo ya ukwe kwetu Bungoma mnayajua. Mama mkwe na mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, wala hawaketi chumba kimoja wakatazamana. Makokha akaangusha chaki akachomoka mlangoni. Agneta naye, mama wa watu na kiuno chake kibovu, akatokea dirishani. Darasa zima likaangua kicheko.

"Ati mwarimu ndiye anatoroka shule!" akapayuka mzee Wekoye, fundi wa baiskeli. "Hii ni kali, bana!"

Agneta aliketi chini nyuma ya ukuta, machozi yakimlengalenga. Kicheko hakikumuuma. Kilichomuuma ni mtihani wa darasa la nane. Alikuwa mpishi wa chekechea ya kanisa, na alikuwa ameahidiwa kazi ya kulea watoto darasani, mradi tu apate cheti. Mwaka uliopita Kiingereza kilimwangusha vibaya. Sentensi ilikuwa kwake kama mboga zilizochemshwa pamoja, hajui kunde ni ipi na sukuma ni ipi. Sasa mwalimu ni mmoja tu, na huyo mmoja ni mkwe wake. Mungu wangu, mkosi gani huu?

"Mama aache tu masomo," mtu akasema ndani.

"Aache kwa nini?" Sauti ya Makokha ilitoka upande wa pili wa jengo, maana naye alikuwa amejibanza huko. "Mzee Wekoye, mpelekee mama kiti. Akae hapo hapo nyuma ya ukuta. Mimi nitarudi ndani, nitafundisha kwa sauti."

Ikawa hivyo. Lakini aliye nyuma ya ukuta ataonaje ubao? Makokha alikuna kichwa, kisha akaacha chaki kabisa. Akamsimamisha Nekesa, mama muuza maziwa, na mzee Wekoye akafanywa ng'ombe, apende asipende.

"Nekesa milks the cow!" Makokha alinadi kama mtu wa mnada. "Nani anafanya kazi?"

"Nekesa!"

"Anafanya nini?"

"Milks!"

"Na anayefanyiwa?"

"The cow!" Wekoye akalia kama ng'ombe mwenye njaa, watu wakashika mbavu.

Kule nje Agneta alifumba macho. Yuko anayetenda, iko kazi yake, yuko anayetendewa. Kumbe! Ni kama jikoni kwake: mpishi, kupika, uji. Mbona hakuna aliyemwambia hivyo mwaka jana? Alicheka peke yake kama kichaa, na lile jiwe alilokuwa amelibeba kifuani likaanza kushuka.

Siku moja Makokha aliuliza swali, darasa likanyamaza kama maji ya mtungi. Agneta alijizuia, akajizuia, mwisho akashindwa, akapaaza jibu kutoka nje. Sasa mkwe amjibuje mama mkwe moja kwa moja? Makokha alikohoa.

"Ukuta umejibu vizuri," akasema.

Basi Agneta akawa Ukuta. Wenzake walimwita hivyo mpaka sokoni, naye akaitika bila kinyongo.

Mtihani akaufanya Novemba. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya matokeo yakatoka. Alikwenda kuyachukua asubuhi, na mchana Makokha na Emmy wakafika kutoka Kibomet, walikobaki na nyumba yao hata baada ya uhamisho. Emmy aliingia nyumbani kwa mama yake. Makokha alibaki nje, akawekewa kigoda chini ya dirisha, mgongo ukutani.

"Mama, si useme basi!" Emmy akamhimiza.

Agneta alisogea dirishani. "The old woman passed the examination," akasema polepole.

Kisha sauti ya mwalimu ikapanda kutoka nje. "Nani?"

"The old woman."

"Alifanya nini?"

"Passed." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta.

"Alifaulu nini?"

Emmy alitaka kumjibia, Agneta akamzuia kwa mkono. Hili lilikuwa lake, alikuwa ametoka nalo mbali.

"The examination, mwalimu. The examination!"

Makokha aliupiga ukuta kwa kiganja, taratibu.

"Ukuta umejibu vizuri," akasema.