Mtego wa Komeo

Mimi ni fundi sauti, si mwigizaji, na ningejua kipindi hiki kitanifikisha hapa ningebaki kwangu nifue nguo.

Tumefungiwa. Washiriki sita wako sebuleni, kwenye jumba lisilo na dirisha, wanagombania zawadi mbele ya kamera. Mimi niko chumba cha mitambo, nyuma ya kioo: wao wanajiona, mimi nawaona. Nje wafu wanatembea. Ndiyo, wafu, usinikodolee macho! Redio imesema tukae ndani, wanajeshi wanapita mtaa kwa mtaa, watavunja milango wenyewe. Na mmoja wa hao sita ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Mlango mkubwa una komeo kwa ndani. Wakilifungua, kwisha habari yao.

Mkuu wa kipindi alikuwa nami hapa. Alitoka kwa mlango wetu wa nyuma kwenda kuwapiga picha wafu getini, eti watazamaji watapagawa. Aliporudi akanirukia, akaning'ata mkono. Nilimsukumia stoo nikafunga. Mpaka sasa anagonga. Jamani, hata akifa hana subira mtu huyu!

Nikashika kipaza sauti. Kule kwao maneno yangu hutoka mazito, ya mashine. Wenyewe wanaiita Sauti.

"Msifungue mlango! Nje kuna wafu wanatembea!"

Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. "Changamoto mpya!" Yule wanayemwita Machozi akakimbilia kamera kulia, kama kawaida yake.

Kosa ni letu. Msimu mzima Sauti imewadanganya. Tuliwakataza kugusa sanduku, aliyeligusa akapewa pikipiki. Tuliwaambia supu ina sumu, aliyekunywa akapewa kitanda kizuri. Wameshajua: Sauti ikikataza, wewe fanya.

Mdogo wangu, mjanja tangu utotoni, ndiye aliyefika wa kwanza kwenye komeo.

"Kidomo!" nikapiga kelele. Ni jina la nyumbani, nilimpa mwenyewe. "Ni mimi, dada yako!"

Akacheka. "Dada yangu ni fundi wenu, kwa hiyo mmembana mpaka akawatajia jina hilo? Hamna haya nyie!" Mkono ukashika komeo.

Nikajikaza, nikasema taratibu: "Vizuri. Atakayefungua mlango ndiye mshindi."

Mkono ukasita. Akageuka, akawakonyeza wenzake. "Mtego huo! Asiguse mtu!" Wakasukuma kochi hadi mlangoni, wakalikalia wakibanana, wakijiona wana akili kuliko dunia nzima. Nilicheka huku nalia.

Sasa mkono wangu uliong'atwa umekuwa mweusi hadi kwenye kiwiko, na meno yanagongana. Nimejifunga kwenye kiti kwa nyaya za maikrofoni, nisije nikaamka nikiwa kama bosi na kukivunja kioo. Naogopa, sifichi.

Ndipo mdogo wangu akaja kwenye kioo, pua yake karibu na yangu. Akanong'ona ili Machozi asisikie.

"Sauti, acha utani kidogo. Dada yangu huko nyuma hajambo?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, kidomodomo wangu yule. Lakini nikisema hajambo, hatalala kwa wasiwasi.

"Dada yako ameng'atwa," nikasema. "Anakufa."

Akashusha pumzi, uso ukamchangamka.

"Waongo wakubwa nyie," akasema. Akakibusu kioo, akarudi kwenye kochi akiimba.