Lori Lililokataliwa Kila Geti

Lori lile la nyasi lilipita mbele ya nyumba ya Verlene Stuckey kwa mara ya tatu tangu asubuhi, na bado lilikuwa limejaa pomoni. Mara ya kwanza alidhani ni malori tofauti. Mara hii aliitambua taa ya mbele iliyofungwa kwa utepe mwekundu, akaacha vyombo kwenye sinki, akatoka mbio mpaka barabarani na kitambaa cha vyombo mkononi, anapunga kama mtu aliyeona moto mwingine.

Dereva akafunga breki. Alikuwa mzee mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Umepotea, mzee?"

"Laiti ningekuwa nimepotea, mama. Aliyepotea si huuliza njia? Mimi barabara hii nimeshaijua mpaka mashimo yake. Jina langu Emmett Raber, nimetoka Ohio na marobota haya ya nyasi. Na hakuna anayeyataka."

"Hakuna anayeyataka! Nani kakuambia hivyo?"

"Wa kwanza ni hapa hapa kwako. Bwana mmoja mrefu. Kanishukuru vizuri sana, kanipa kahawa, akaniambia niende kwa jirani, eti jirani ndiye aliyeungua hasa. Jirani naye kanishukuru, kanipa keki, akanirudisha huku. Nimeshiba, mama, lakini nyasi hazipungui."

Verlene hakucheka. Bwana mrefu ni Garland, mume wake, na jirani ni Orrin Beutler. Ng'ombe wa watu wote wawili walikuwa wamesimama kwenye majivu, wanalamba ardhi.

Moto ulikuwa umekuja wiki iliyotangulia, na upepo wa mwezi wa tatu, ule unaopeperusha hata kofia iliyofungwa kamba. Nyika ya Texas ya kaskazini ikishakauka, moto hauendi kwa miguu, unaruka. Nyumba ya akina Stuckey ilipona kwa sababu moja tu: Orrin alikuja na trekta lake na plau, akaizungushia mstari wa udongo mtupu ili moto ukose cha kula, tena na tena, moshi umemjaa kifuani, wakati ghala lake mwenyewe likiteketea kule ng'ambo bila mtu. Siku ya pili yake, Orrin aliposhindwa kuwapiga risasi ng'ombe wake walioungua wasioweza kupona, alikaa chini akashika kichwa. Garland akaichukua ile bunduki mikononi mwake, akamwambia, "Wewe kaa ndani, usitoke mpaka nikuite." Alikwenda akaifanya kazi ile, kisha akarudi akaifanya na kwake.

Ndivyo watu wa pale walivyo, na Verlene alikuwa akiwapenda kwa hilo tangu usichana wake. Majivu yalikuwa hayajapoa wanawake wa kanisa walipofungua jiko la ukumbini, sufuria za maharagwe na nyama zikawa haziondoki motoni. Wanafunzi wa sekondari walikuja na walimu wao kung'oa nguzo zilizoungua na kukunja seng'enge, viganja vinawatoka damu, wanataniana. Daktari wa mifugo alizunguka shamba kwa shamba akiwapaka dawa ng'ombe walioungua viwele, na ukimuuliza malipo anajifanya hasikii. Watu waliopoteza kila kitu walikuwa wakimsaidia aliyepoteza nusu.

Lakini tabia hiyo hiyo ina upande wake wa hatari, na mwenye mume wa namna hii ajihadhari. Mtu anayejua kutoa tu na hajui kupokea, siku ya shida anaweza kufa na njaa huku amezungukwa na chakula, na kuwaua walio nyuma yake. Garland alikwenda kila shamba kujenga uzio wa wengine. Kwake hakutaka mtu aguse hata msumari. Jioni alikaa ndani ya pikapu iliyozimwa, mikono kwenye usukani, hashuki. Verlene alikuwa akimchungulia dirishani.

Na kesho yake mnunuzi alikuwa anakuja. Garland ndiye aliyempigia simu: aje awachukue ng'ombe waliobaki, mama na ndama, kabla hawajaanguka kwa njaa. Wakiondoka hao, basi. Ni kizazi cha ng'ombe alichokianza baba yake Garland, na hakinunuliwi tena sokoni. Binti yao Tessa alikuwa amalize chuo mwakani arudi kulishika shamba. Shamba lisilo na ng'ombe angerudi kushika nini?

"Nipandishe," Verlene alimwambia dereva. "Twende kwa Orrin."

"Tena? Yule bwana atanipa keki nyingine."

"Ule. Twende."

Orrin walimkuta amesimama pale lilipokuwa ghala, mtu mfupi mnene, nyusi zimeungua mpaka uso umekuwa kama wa mtoto. Alipoliona lori aliinua mikono.

"Verlene, we mwanamke! Si nimeshamwambia huyu mzee? Nyumbani kwenu kuna ndama wachanga. Mimi nitapata pengine."

"Pengine wapi, Orrin?"

"Pengine tu. Mungu ana mashamba mengi."

"Na wewe una kiburi kingi."

"Sasa unanitukana nikiwa sina hata ghala la kujifichia?" Akajaribu kucheka, akakohoa. Kikohozi kilipotulia sauti yake ilishuka. "Sikiliza. Mume wako alifanya kwangu kazi ambayo sitaweza kumlipa mpaka nife. Nile nyasi za ng'ombe wake mimi? Siwezi. Nisamehe, siwezi."

Kiburi Verlene angeweza kukigombeza. Hiki hakikuwa kiburi, kilikuwa upendo uliokosa pa kupitia. Akageuka atazame pembeni ili Orrin asione machozi, na ndipo alipowaona ng'ombe waliojikusanya karibu na tangi la maji. Wengi wao walikuwa na chapa ya Orrin ubavuni. Lakini yule mwekundu mwenye pembe moja alikuwa wake. Na yule mwenye baka jeupe usoni, na mwenzake aliye na ndama. Uzio wote ulikuwa umeungua, mifugo ikatawanyika na kuchanganyika, na kwa kuwa watu walikuwa wanajenga kwanza uzio wa barabarani, hakuna aliyepata nafasi ya kutenganisha.

"Orrin," alisema taratibu, "wale pale ni ng'ombe wa nani?"

"Wangu. Na wenu wachache. Nitawarudisha, wala usi..."

"Wamekula nini leo?"

Orrin akageukia tangi la maji.

"Nakuuliza, ng'ombe wa Garland walioko mikononi mwako wamekula nini leo?"

"Hakuna kitu cha kula, Verlene, unaona mwenyewe."

"Mimi naona nyasi lori zima. Unawaacha ng'ombe wa mwenzio wafe kwako, na chakula kiko getini?"

Emmett alishuka bila kuambiwa, akaanza kufungua mikanda ya marobota.

"Lakini hawa wamechanganyika," Orrin alisema. "Nikiwamwagia wenu, na wangu si watakula?"

"Wafukuze ukiweza," alisema Verlene.

Waliteremsha nusu. Nusu nyingine wakarudi nayo kwa Garland, ambaye alikuwa kwenye uzio wa barabarani pamoja na wanafunzi wale, jasho na masizi vimemfanya awe rangi moja na nguzo. Alipomwona mke wake anashuka kwenye lori, akaangusha koleo.

"Verlene, huyu mzee nilishaongea naye."

"Najua. Hizi si zako."

"Za nani?"

"Za ng'ombe wa Orrin. Unao wangapi humo ndani?"

Garland akageuka kuwatazama ng'ombe, kisha akamtazama mke wake. Hakuwa mjinga. Alishaona anakopelekwa, na masikio yakamwiva.

"Unanifanyia ujanja mbele ya watoto wa watu."

"Ndiyo. Umenilazimisha. Orrin anawalisha wa kwako sasa hivi ninavyosema. Wewe wa kwake utawaacha?"

Wanafunzi wakaacha kupiga nyundo. Msichana mmoja akamnong'oneza mwenzake, mwenzake akajifanya anakohoa. Garland akapanda lori mwenyewe, akatoa kisu mfukoni, akakata kamba ya robota la kwanza. Ng'ombe walikuwa wameshaisikia harufu. Walikuja wanajikokota, wengine wanachechemea kwa kwato zilizoungua, ndama nyuma yao, wakazamisha nyuso kwenye nyasi. Ilisikika sauti ya kutafuna tu.

Hapo Verlene angeweza kushukuru na kunyamaza. Lakini mnunuzi alikuwa bado anakuja, na ujanja wa chakula cha siku moja haumzuii mnunuzi.

"Mpigie simu asije," alimwambia Garland, amesimama kando ya lori, kwa sauti ya wawili.

"Nyasi hizi zikiisha? Mvua haijulikani. Nitaomba tena?"

"Hukuomba hata hizi."

"Ndiyo maana zinanikwama." Alishuka, akaegemea gurudumu. "Verlene, mimi nimeshika bunduki wiki nzima. Nimechoka kuona wanateseka. Akiwachukua, angalau watakula huko waendako."

"Na Tessa?"

"Tessa ana akili. Atapata kazi yenye kiyoyozi."

"Amekuambia anataka kiyoyozi? Umemuuliza? Wewe unamwamulia kama unavyowaamulia wenye malori." Akamsogelea. "Garland, mimi naogopa. Siogopi umaskini. Nakuogopea wewe, asubuhi ukiamka na hakuna kinachokuita nje. Nikuone umekaa kwenye ile pikapu mpaka lini?"

Alikuwa hajawahi kulitaja jambo la pikapu. Garland aliinamisha kichwa. Hakujua kama alikuwa anaonekana.

Emmett alikuwa anakunja mikanda yake, na lori halina ukuta wa kuzuia maneno.

"Mtanisamehe," alisema. "Nyuma yangu kuna malori mengine. Yamelala njiani kwa sababu ya upepo, yatafika kesho na keshokutwa. Watu wa kwetu wanaendelea kufunga marobota. Kwetu tulipigwa na kimbunga, miaka imepita. Walikuja watu tusiowajua, na misumeno. Mmoja alinijengea paa la nyumba. Hata jina sikumuuliza."

Garland akainua macho. "Ukamlipa nini?"

"Ningemlipa nini, sina hata mlango? Nilimshikia ngazi."

"Basi?"

"Basi. Siku ya kwanza niliona aibu nikataka kumfukuza. Mke wangu akanipa ngazi, akaniambia shika hii, nyamaza." Akamtazama Verlene. "Mngepatana sana nyie wawili."

Garland alitoa pumzi ndefu. Alichukua simu, akasogea hatua chache ambako upepo haukuwa mkali, na Verlene akasimama na kitambaa chake cha vyombo, anakikamua kama kimelowa.

"Ni Stuckey," alisikika akisema. "Kuhusu kesho. Usije... Hapana, hujakosea bei. Tumepata chakula." Akanyamaza, anasikiliza. "Tumepewa," alisema, na neno lile lilimtoka kwa shida kama jiwe. "Watu wametupa. Ndiyo. Tutaendelea nao."

Aliporudi hakumtazama mke wake, alimwendea Emmett.

"Mzee, yakija hayo malori mengine, yapitie hapa kwanza. Nitapanda la mbele. Huku ndani kuna mashamba hata ramani haina, na wenyewe wote watakukatalia. Mimi nawajua. Nitakaa nao mpaka wakubali."

"Na wakisema uanzie kwako?"

"Nitawaambia kwangu nimeshapokea. Waje waone."

Akawageukia wanafunzi, waliokuwa bado wamesimama na nyundo zao.

"Uzio wangu wa nyuma umelala wote," aliwaambia, na akakohoa kidogo. "Kama mna nafasi. Nitahitaji watu."

"Tulidhani hutatuambia, Bwana Stuckey," alisema yule msichana mnong'onaji, ameshaokota koleo. "Nguzo zako tumezipakia tangu juzi."

Verlene akarudi ndani kwenye vyombo vyake. Alimpigia Tessa, na simu ilipopokelewa binti hakungoja salamu. "Mama? Mama, kuna nini tena?"

"Hakuna," alisema. "Baba yako anajengewa uzio."