Lango Lisilo na Nyumba

Jumba la mabwana lilikwisha zamani, hata mizimu yake imehama. Kilichobaki ni lango la matofali lenye mnara juu yake, limesimama peke yake katikati ya shamba la shayiri, na handaki lililojaa matete. Hakuna ukuta kulia wala kushoto, lakini watu wa kijiji cha Zalesice hawalizunguki. Bibi harusi hupita chini yake, na maiti pia, maana asiyepitishwa pale atatafuta mlango milele. Usicheke, kwenu nako mna yenu.

Sasa Walenty alikuwa amekufa, na lango lilikuwa limezungushiwa wavu wa chuma kwa sababu matofali yalianza kuanguka. Mkewe, Genowefa, alikuwa amemwahidi kwenye kitanda cha mauti kwamba atapita langoni. Asubuhi ya maziko, nyumbani kwake, aliwasimamia wabebaji wa jeneza, mikono kiunoni.

"Ukateni huo wavu!"

"Shemeji, tofali likituangukia utatuzika sote," alisema Hilary, mdogo wa marehemu. "Padri kasema tuzunguke."

"Padri kaja juzi tu! Mimi nilimwahidi mume wangu. Nimwambie nini?"

 Nje, ukungu ulikuwa umefunika shayiri yote, na mnara ulielea juu yake kana kwamba haukuwa na miguu. Genowefa aliutazama, kisha akawafungulia mlango.

Wakalibeba jeneza. Kwa desturi, kabla ya kutoka jeneza hugongwa kizingitini mara tatu, marehemu aiage nyumba yake. Hilary akausukuma mkeka wa mlangoni kwa mguu asije akateleza. Chini yake palikuwa na jiwe jeupe lililochongwa maua na ngao. Mama mkwe wa Genowefa alilifunika maisha yake yote, na Genowefa alijua tu kwamba ni jiwe la wizi.

"Subirini. Hilary, babu yenu alilitoa wapi hili?"

Hilary akajikuna shingo. "Langoni, shemeji. Ndicho kizingiti chake. Usimwambie padri."

Genowefa akacheka huku machozi yakimtiririka. Kumbe kila alfajiri Walenty alikivuka kizingiti cha lango akienda kukamua ng'ombe.

"Basi gongeni. Kwa nguvu, wasikie kule langoni!"

Ko. Ko. Ko.

Kule mnarani korongo akainuka kiotani, akarusha shingo nyuma, akagonganisha mdomo wake, ko-ko-ko, kwa muda mrefu.

"Kafunguliwa lango," alisema Genowefa, akajifuta uso. "Haya, sasa tuzunguke."