Hatua Sitini za Mzee Bashige

Kwa miezi minane Mzee Bashige hakumtia mjukuu wake machoni. Katika miezi hiyo alijenga kuta nne kwa watu wa Mururu, na moja akaibomoa mwenyewe kwa sababu ilikwenda upogo. Mwashi wa miaka sitini na minane kujenga ukuta upogo ni habari ya kusimuliwa sokoni. Alisema ni macho. Lakini macho yake yalikuwa mazima. Moyo ndio uliokuwa safarini.

Mjukuu huyo aliitwa Umurerwa, msichana wa miaka kumi, mtoto pekee wa Fabien. Fabien naye alikuwa mtoto pekee wa Bashige. Alivuka daraja la mpakani kutoka Bukavu akiwa kijana, akaoa hapa Kamembe binti aitwaye Mugwaneza, muuza vitenge, na baba yake akamfuata akapanga chumba karibu nao. Kisha Fabien akaugua na kufa. Mwaka wa tatu sasa. Watu wa Bukavu walimwambia mzee arudi kwao, naye akawajibu: "Nirudi kwa nani? Damu yangu iliyobaki inalala Kamembe."

Mlango ulifungwa kwa kosa lake. Siku moja alimpitia Umurerwa shuleni, akavuka naye hadi Bukavu kwa dada yake, kikongwe mgonjwa aliyekuwa akiuliza kila siku juu ya mtoto wa Fabien. Hakumwambia Mugwaneza. Kwa Bashi, kabila lake, mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Nani huomba ruhusa ya kushika kilicho chake? Lakini siku ile mpaka ulifungwa mapema na kesho yake haukufunguliwa, simu yake ikaishiwa chaji, wakalala huko siku mbili. Mugwaneza alizunguka vituo vya polisi na wodi za hospitali hadi sauti ikamkauka.

Hata hilo lingesameheka. Waliporudi, majirani wamejaa mlangoni, mzee aliona haya kusema pole mbele ya watu. Akasema: "Nilikuambia, nawe ulikubali. Umesahau tu."

Hakuwa amemwambia chochote. Ulikuwa uongo mdogo kama kokoto, lakini kokoto iliyo ndani ya kiatu. Mugwaneza alimtazama, akamvuta mtoto ndani, akafunga.

Basi mteja mmoja ndiye aliyemwambia kwamba kila Jumamosi Umurerwa anacheza raga na watoto wenzake kwenye uwanja wa juu. Mzee alicheka kwanza. Msichana, raga? Jumamosi iliyofuata alivaa koti lake la kanisani, akaenda.

Kwenye lango la uwanja palikuwa na meza, na nyuma ya meza aliketi Nasiba, mwanamke Mwislamu mwenye cherehani yake pale Kamembe. Wiki nzima alishona sare za shule; Jumamosi alikuwa msimamizi wa usalama wa watoto klabuni.

"Jambo Papa, karibu sana. Jina?"

"Jina ya nini? Nilikuya kuangalia mupira tu."

"Njo vile tunafanya kwa kila muntu. Hata pasteri alikuya hapa, akaandika."

"Mie nilijenga nusu ya manyumba ya hapa. Kama munataka jina yangu, muulize kuta."

"Kuta haijue kuandika, Papa," Nasiba akasema, akamsogezea kalamu.

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. Mzee akaandika, kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Nasiba akambandika kipande cha kitambaa cha kijani kifuani, cha wageni, akamweleza: wageni wanakaa kwenye mabenchi, hawapigi picha, hawaingii wanakobadilishia nguo watoto. Na mtoto haondoki uwanjani ila na mtu ambaye jina lake limeandikwa daftarini na mzazi.

"Hata kama mutoto ni wa damu yako, Papa," akaongeza taratibu.

"Nani aliongea habari ya damu?"

Nasiba akageuza ukurasa wa daftari. Kamembe si mji mkubwa.

Alikaa kwenye benchi, mikono magotini. Alikuwa ametarajia kuona watoto wakiangushana kama mbuzi dume. Kumbe wadogo hawakabani. Kila mmoja ana tepe mbili zinazoning'inia kiunoni, na anayekimbia na mpira akichomolewa tepe, husimama na kumpasia mwenzake. Siku hiyo alikuja mtoto mgeni kutoka Gikundamvura, mwoga, kidole mdomoni. Wote wakasimama duara, mgeni akasema jina lake, wakaliitikia kwa pamoja mara tatu, kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Baada ya hapo mgeni akatoa kidole mdomoni mwenyewe.

Kisha mpira ukamfikia Umurerwa.

Alikimbia ameshusha bega la kushoto, kama mtu anayepita mlango mfupi. Mzee Bashige alishika ubao wa benchi. Bega lile la Fabien alikuwa amelizika. Alilizika Alhamisi moja ya mvua, akalifukia kwa mikono yake, na sasa lilikuwa linapita mbele yake katika nyasi, linacheka.

Mtoto alimwona. Akapunga mkono, lakini hakuja. Alijua sheria kuliko babu yake.

Ikawa hivyo kila Jumamosi, kwa wiki tano. Mzee alifika wa kwanza, akaandika jina, akaketi. Watoto walipoanza kuitwa mmoja mmoja, kila mmoja na mtu wake mezani, yeye aliondoka kabla Mugwaneza hajafika. Alikuwa na maneno aliyomwandalia. Aliyarudia njiani akienda, akayarudia akirudi, na hayakuwahi kutoka mdomoni. Usiku aliyaona mazuri. Mchana yalimkwama kooni kama mwiba wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

Jumamosi ya sita mvua ilitoka ziwani kwa ghafla, ikafuta nguzo za goli zisionekane. Watu wote wakabanana chini ya banda. Nasiba alikuwa ndani, anamfunga mtoto mmoja kifundo cha mguu kilichoteguka, na mezani alimwacha Muhire, kocha kijana wa kutoka Nzahaha. Watoto wakaitwa, wakapungua, wakabaki watatu. Mugwaneza hakutokea. Siku ya soko, na mvua ile, lazima alikuwa anaokoa vitenge vyake.

Umurerwa akaja benchini, kichwa kimelowa.

"Koko, tuende. Maman iko nachelewa."

Koko, ndivyo watoto wa Bukavu wanavyomwita babu. Miezi tisa sasa hakuna aliyemwita hivyo.

Muhire akainuka kwenye kiti, kofia mkononi. Kijana wa watu alilelewa vizuri. Kwao mzee hasimamishwi akaulizwa maswali. "Kumbe ni mujukuu wako, Mzee? Mumupeleke tu, baridi isimushike. Mie nitaandika."

Daftari lilikuwa mbele yake, limefungwa. Hakulifungua. Ingekuwaje amfungulie daftari mzee mwenye mvi, mbele ya watu, kana kwamba anamtafuta mwizi?

Mzee Bashige alijua jina lake halimo. Aliliona daftari, akaona mkono mdogo ulionyooshwa, akauchukua mkono.

Ulikuwa umekua. Ulikuwa na ngozi ngumu kidogo chini ya vidole, kwa sababu ya mpira, na joto lile lile. Alifungua koti lake, akamfunika mtoto upande mmoja, wakatoka langoni. Waashi hupima kwa miguu, na miguu ya Bashige ilihesabu yenyewe bila kuagizwa. Ishirini hadi kwenye mtaro. Thelathini na tano hadi kwenye kona. Mtoto alisimulia mambo kumi kwa wakati mmoja: tepe alizochomoa, mwalimu wao mpya, paka aliyezaa ndani ya kabati. Mzee hakusikia hata nusu. Alikuwa anausikiliza mkono.

"Koko."

"Mm."

"Leo tena tutalala kule ng'ambo?"

"Apana, mwana. Tunaenda kwenu."

Umurerwa akatembea kidogo, akifikiri. "Lakini kama tunalala kule, mie nitasema Maman alikubali. Nitasema vile vile weye ulisema. Sitakuangusha."

Ilikuwa hatua ya sitini. Mzee akasimama.

Mtoto hakusema kwa ubaya. Alisema kwa mapenzi, kama anayempa babu yake kiti. Alikuwa tayari kumdanganya mama yake kwa ajili yake, na yeye ndiye aliyemfundisha. Maji yakawa yanatiririka katikati ya viatu vyao. Mbele palikuwa na njia ya nyumbani, dakika kumi nzima za kushika mkono ule. Angetoa vifaa vyake vyote vya kazi kwa dakika hizo kumi.

"Tunarudi," akasema.

"Mbona?"

"Maman yako atafika uwanjani, hatakukuta."

Walipogeuka, Nasiba alikuwa tayari langoni, anakuja mbio, hijabu imegandamana kichwani. Hakupiga kelele. Alimshika mtoto bega, akamwangalia juu hadi chini, ndipo akavuta pumzi. Chini ya banda akamgeukia Muhire.

"Ulifungua daftari?"

"Maman Nasiba, ni mzee wa watu..."

"Mutoto akipotea na mzee, si anapotea? Mzee njo wa kwanza kuulizwa, kwa sababu hakuna mwenye atamukatalia." Akavuta daftari lingine, la matukio. "Hii inaandikwa, na mama yake anasoma. Kuanzia leo unatoka ku meza mpaka urudilie mafunzo."

Muhire akasema kwa sauti ndogo, "Tuandike alimufunika mvua tu, akamurudisha. Ni kweli pia."

Ilikuwa kweli pia. Uongo mwingi mzuri huanza hivyo. Mzee Bashige alimtazama kijana aliyekuwa anataka kumwokoa, akanyoosha mkono.

"Lete kalamu. Nitaandika mwenyewe."

Aliandika kwa muda mrefu, maji yakimdondoka kutoka kwenye mvi hadi kwenye karatasi. Aliandika hivi: "Mimi Bashige, baba ya Fabien, nimemchukua Umurerwa na jina langu halimo daftarini. Tumetembea hatua sitini nje ya lango. Sheria niliijua. Kocha aliniheshimu, kosa ni langu. Tena, safari ya Bukavu, mama wa mtoto hakukubali. Hakuulizwa. Nilisema uongo mbele ya majirani, na mtoto alinisikia."

Nasiba alisoma, akaandika tarehe chini yake.

"Aksanti, Papa. Sasa Jumamosi ine usikuye."

"Ine?"

"Ine. Njo sheria. Ingekuwa baba yangu, ni ine."

Mugwaneza alifika na furushi la vitenge kichwani, kalowa hadi mifupani. Wakati huo mzee alikuwa ameshasimama nje ya lango, kwa sababu adhabu ilikuwa imeanza na hakutaka kuomba hata dakika. Kupitia mvua alimwona akisoma kwa kusimama, furushi bado kichwani. Akafika mwisho. Akarudia tena mwanzo. Kisha akamshika mtoto mkono, akapita mbele ya mzee, na Umurerwa akageuka nyuma hadi kona ikamficha.

Zile Jumamosi nne Mzee Bashige alifanya kazi Mururu, ukuta wa zizi. Ilipofika saa tatu, saa ya filimbi ya kwanza, mwiko ulitua wenyewe juu ya tofali. Kutoka Mururu filimbi haisikiki. Yeye alisimama vile vile, uso umeelekea Kamembe, akihesabu moyoni: sasa wanafunga tepe. Sasa wanasimama duara. Sasa wanaitwa mmoja mmoja. Mwenye zizi alimwuliza kama anaumwa. Akasema ni mgongo.

Jumamosi ya tano akavaa koti, akaandika jina lake kabla hajaulizwa. Aliuma mdomo, kisha akauliza.

"Maman Nasiba. Ku ukurasa ya mutoto, jina yangu iliingia?"

Nasiba angeweza kumjibu kwa kichwa tu. Lakini alifungua daftari, akamwonyesha. Mugwaneza. Mutoni, dada ya Mugwaneza. Basi.

"Bado, Papa. Lakini mama yake aliacha neno. Alisema: mwambie asinikimbie. Anikute hapa."

Mchezo wa siku ile hakuuona. Watoto walipoitwa, miguu yake ilitaka kuondoka kama ilivyozoea, akaikanyagia chini. Mugwaneza akaja. Yale maneno aliyoyaandaa miezi yote yalikuwa marefu, yenye Fabien ndani yake, na ukoo, na uzee. Yakapotea yote.

"Nilikudanganyia, mukwe wangu," akasema. "Pardon."

"Nilisoma, Papa." Alikuwa anatia sahihi mezani, hakuinua kichwa. "Nilitaka kusikia."

Akafunga kalamu, akamchukua Umurerwa mkono. Hatua chache mbele akasimama, bila kugeuka.

"Tunapitia soko. Kama nawe unapita kule, pita."

Mzee hakuwa na haja yoyote sokoni. Akapita. Mugwaneza alimshika mtoto mkono wa kulia, na ule wa kushoto wa mtoto ulikuwa huru, unapepea upande wa babu, karibu kiasi kwamba angenyoosha kidole tu wangegusana. Mara mbili uligonga koti lake. Mzee Bashige akafunga mikono yake nyuma, mmoja ukaushika mwingine kwa nguvu.

"Ebu nielezee," akamwambia mtoto, "tepe inachomolewaka namna gani?"

Mugwaneza aliiangalia mikono ile iliyofungwa nyuma. Akapunguza mwendo, na njia ya sokoni ikawa ndefu kidogo.